Alijua Tarehe Zote

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, Mjerumani Carl Peters alimwekea mtawala Mangungo karatasi mbele yake. Mangungo akaweka alama, Peters akatia saini, na wenzake Peters wakaandika kwamba wameshuhudia. Haikutimia hata miezi mitatu, tarehe 27 Februari 1885, Kaizari Wilhelm I akatoa hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wa dola ya Ujerumani. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefungwa jana yake.

Kila aliyesoma sekondari Tanzania amewahi kuziandika tarehe hizi katika daftari lake, na wengi tulizisahau siku ile ile tuliyotoka kwenye chumba cha mtihani. Mwenzetu mmoja hakuzisahau. Alizijua kuliko sisi sote, na hata leo ukimwamsha usiku wa manane atakutajia moja baada ya nyingine. Hata hivyo alikaribishwa mezani, akawekewa karatasi, akatia saini, na shamba la marehemu baba yake likaondoka. Nasimulia mkasa wake kwa ruhusa yake, na jina lake naliacha. Nausimulia pia kwa heshima ya mwalimu wetu wa Historia, kwa sababu yote yaliyohitajika kuuzuia aliyafundisha darasani miaka mingi kabla haujatokea.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwalimu alikuwa mtu mzima tayari, mrefu, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi hata wiki ambazo mshahara ulichelewa. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati Walter Rodney akifundisha pale, na wakati wanahistoria wa Kitanzania kama Isaria Kimambo na Arnold Temu wakiandika historia ambayo Mwafrika ni mtendaji ndani yake badala ya kuwa mtu wa kutendewa tu. Hakujivuna kwa hayo. Tuliyajua kwa sababu kila mara alipotaja kitabu, alitueleza kwanza aliyekiandika ni nani, alikiandika lini, na alikuwa anabishana na nani.

Vitabu vyenyewe vilikuwa haba. Kimoja kilizunguka bweni zima mpaka kikapoteza jalada. Kwa hiyo Mwalimu alinakili kwa mkono nyaraka muhimu kwenye karatasi za manila, akazibandika ukutani. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, kama utaratibu wa sekondari ulivyotaka, lakini hakuna sentensi aliyoiacha ipite kabla ya kumsimamisha mtu mmoja na kumwambia, "Nieleze hiyo kama unamweleza bibi yako." Aliyeshindwa hakuchapwa wala hakuzomewa. Alirudishwa kwenye sentensi, na darasa zima lilimsubiri.

Mkataba wa Msovero tuliusoma kwenye manila namna hiyo. Siku ile darasa lilicheka. Ni kicheko ambacho Watanzania wengi tunakijua, kwa maana jina la Mangungo limegeuka tusi katika siasa zetu: kiongozi akishukiwa kuingia mkataba mbaya wa madini au wa bandari, huitwa Mangungo. Mwalimu aliweka chaki mezani, akangoja tunyamaze.

"Nani amewaambia kwamba alikuwa mjinga?" aliuliza.

Tukajibu kuwa imeandikwa kitabuni.

"Na mwandishi wa kitabu ameambiwa na nani?"

Tukafuatana nyuma hatua kwa hatua, kitabu hadi kitabu, mpaka tukaishia kwa Carl Peters mwenyewe. Karatasi aliandika yeye. Mashahidi walikuwa wenzake. Simulizi za jinsi safari ile ilivyokwenda, watawala walivyopewa vinywaji na zawadi na jinsi walivyokubali upesi, ni za kwake, na alizitoa kwa watu aliotaka wamsifu. Mangungo hakuacha maandishi. Kumbe tulikuwa tunamcheka mtu kwa maneno ya yule aliyefaidika naye.

Kisha Mwalimu akatuonyesha jambo ambalo sijalisahau. Mkataba ule unasema kwamba mtawala wa Msovero, alipoulizwa waziwazi, alitamka kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hajui hata kama Sultani huyo yupo. Mwalimu alichora ramani ubaoni: Bagamoyo, Usagara, Ugogo, Unyanyembe, Ujiji. "Misafara ya pembe inapita wapi?" Tukaona. Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kabla yao na baada yao walipita wapagazi na wafanyabiashara wa pwani, wengi wakitembea na bendera ya Sultani mbele ya msafara. Mtawala wa nchi inayokatwa na njia hiyo angewezaje kutomjua Sultani hata kwa jina?

"Basi hayo maneno yaliandikwa ili yasomwe na nani?" Mwalimu akauliza.

Tulichelewa kujibu, naye alituacha tuchelewe. Jibu lilipokuja lilitushangaza. Maneno yale hayakumhusu Mangungo. Yaliandikwa yasomwe Berlin na London, ambako watu walijua kwamba Sultani Barghash ana madai yake bara. Peters alihitaji karatasi inayosema kwamba nchi ile haina mwenyewe mwingine, akaiandika. Barghash alipopinga mwaka 1885, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar mwezi Agosti, na malalamiko yake yakaishia hapo. Tulijifunza siku ile kwamba karatasi inaweza kuzungumza na mtu wa mbali juu ya kichwa cha yule anayeitia saini.

Kutokana na somo hilo Mwalimu alitupa maswali matano, tukayaandika katika ukurasa wa mwanzo wa daftari. Nani ameandika? Ameandika ili asome nani? Kichwa cha karatasi na mwili wake vinasema jambo moja? Nani hayupo hapa, na lake linazungumzwa? Karatasi hii ikiaminiwa, kesho nani anapata na nani anapoteza?

Tukaupitisha mkataba wa Msovero katika maswali hayo. Swali la tatu ndilo lililotunyamazisha. Juu, karatasi inatangaza urafiki wa milele. Chini, inaitoa ardhi yote ya Msovero na haki zake zote kwa Peters, kwa niaba ya chama chake cha ukoloni, kwa milele hiyo hiyo. Neno la urafiki liko mwanzoni, mahali mgeni anapotabasamu, na kukabidhi nchi kuko katikati, mahali macho yanapochoka. Swali la nne nalo lilikuwa zito: karatasi haisemi popote kwamba watu wa Msovero waliolima ardhi ile waliulizwa, na mkalimani aliyesemekana ameeleza yote kwa ufasaha alikuwa amekuja na Peters.

Likizo zikifika, Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani. Alituambia kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kule Dar es Salaam walitawanyika vijijini kusini mwa nchi, wakakusanya kwa wazee habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na kwamba bila kazi ile tungetegemea zaidi ripoti za maofisa wa Kijerumani. "Nanyi nendeni mkawaulize wenu," alisema. Wengine walirudi na habari za manamba waliofika kukata mkonge Kilosa kutoka mikoa ya mbali. Wengine walirudi na habari za Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini. Mara moja wanafunzi wawili wa kijiji kimoja walileta maelezo yanayopingana: babu wa mmoja alisema watu walihamia kijiji cha ujamaa kwa hiari, bibi wa mwingine alisema walihamishwa na nyumba zikabomolewa nyuma yao. Darasa likaanza kutafuta mwongo. Mwalimu alikataa. "Kwanza tafuteni kila mmoja alikuwa amesimama wapi," alisema. Ikaonekana babu alikuwa mmoja wa viongozi wa tawi la chama, na bibi alikuwa mjane mwenye shamba la migomba lililoachwa nyuma.

Nilimpenda Mwalimu kwa hayo. Alituheshimu kiasi cha kutuamini na maswali magumu tukiwa bado na umri wa kuchezea mpira wa makaratasi. Watoto wa wakulima, ambao nyumbani hakuna aliyewauliza wanafikiri nini, walisimama mbele yake wakabishana na Kaizari.

Sasa nimfikie mwenzetu.

Alikuwa kipenzi cha somo. Daftari lake lilikuwa safi kuliko la mwalimu, mwandiko umelala upande mmoja, vichwa vya habari vimepigwa mstari kwa wino mwekundu. Siku za kuelekea mitihani tulimzunguka kitandani kwake atutajie: Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo Agosti 1891, Kalenga ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa alijiua Julai 1898, fuvu lake lilirudi mwaka 1954. Hakukosea. Maswali matano ya Mwalimu naye aliyaandika, na aliyajua kwa mfuatano wake. Lakini alikuwa na hesabu yake kuhusu jambo hilo, naye hakuificha: Baraza la Mitihani halijawahi kuyauliza. Mtihani ulitaka sababu sita na athari sita, alisema, na muda wa kubishana na manila ya ukutani ni afadhali kuutumia kukariri. Wakati wa mijadala alifunga macho akijisomea kimoyomoyo.

Mwalimu aliliona hilo. Siku moja alimwambia mbele yetu, kwa upole wake ule ule, "Mwanangu, tarehe bila swali ni jembe lisilo na mpini." Mwenzetu alitabasamu, na matokeo yalipotoka alikuwa na A. Sisi tuliobishana tulikuwa na B na C zetu. Katika macho ya shule nzima alikuwa ameshinda ubishi.

Miaka ikapita. Alisoma mpaka kidato cha sita, akaajiriwa kwa muda, kisha akaacha kazi akaingia biashara ya mpunga. Alikuwa mchapakazi na mtu wa watu. Baba yake alipofariki, kikao cha ukoo kilimteua asimamie mirathi: nyumba, ua wake, na shamba la bondeni, ardhi nyeusi inayoshika maji, ambayo wazee walianza kuilima kabla ya Uhuru. Mama yake alikuwa hai, na wadogo zake walikuwa wanne.

Msimu mmoja alitaka kununua mpunga mwingi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, auhifadhi auze baadaye. Mtaji haukutosha. Akapelekwa kwa mkopeshaji mjini, mtu mwenye ofisi ndogo, feni, kalenda ukutani, na maneno matamu. Mikopo ya aina hiyo Watanzania tumeipa jina la kausha damu, na jina hilo limetokana na machungu ya walioipitia. Mkopeshaji alimweleza kwa mdomo: mkopo wa miezi mitatu, riba kadhaa, shamba ni dhamana tu. Akatoa kurasa mbili zilizopigwa chapa. Juu yake kumeandikwa Makubaliano ya Ushirikiano. "Huu ni utaratibu tu wa ofisi," alisema, akimsogezea kalamu. Soda ilikuwa mezani, fedha zilikuwa zimeshahesabiwa.

Mwenzetu alitia saini bila kugeuza ukurasa wa kwanza. Shahidi alikuwa kijana wa ofisi ile ile. Muhuri wa serikali ya mtaa uligongwa kesho yake, na mwenye muhuri hakuwepo walipoketi.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri kila mahali, na bei ya mpunga haikupanda kama alivyotarajia. Alilipa kidogo kidogo, fedha taslimu, akirudi ofisini kila baada ya wiki chache, na kila mara aliambiwa imeandikwa kitabuni. Hakudai risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lilikuwa la mkopeshaji. Muda ulipopita kidogo, watu wageni walifika shambani na kamba ya kupimia. Mama yake ndiye aliyewaona kwanza. Aliwauliza wanatafuta nini, wakamjibu kwa adabu kwamba wanapima shamba walilouziwa.

Kurasa zile mbili zilipoletwa na kusomwa, ndani hamkuwa na neno mkopo. Zilisema kwamba mwenzetu, akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, ameuza shamba la bondeni pamoja na nyumba, amepokea fedha yote, na hana dai lolote. Kiasi kilichoandikwa kuwa bei ndicho alichokopa. Ushirikiano ulikuwa kwenye kichwa cha karatasi peke yake.

Shauri lilifika baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Aliyoyasema mkopeshaji kwa mdomo hayakuwa na shahidi, na aliyoyalipa mwenzetu hayakuwa na risiti. Kilichoisaidia familia ni swali la nne la Mwalimu, ingawa hakuna aliyelitaja kwa jina: mama na wadogo wanne, ambao mali ile ilikuwa yao pia, hawakuwepo na hawakuridhia. Msimamizi wa mirathi hushika mali kwa niaba ya warithi. Si mali yake binafsi. Hoja hiyo ilimfanya mkopeshaji akubali suluhu. Nyumba na ua vikabaki. Gharama za shauri na uchovu wa mama vikaimaliza familia nguvu, wakaliachia shamba la bondeni.

Baada ya hapo mwenzetu aliniomba tumtembelee Mwalimu, ambaye amestaafu na kurudi kijijini kwake. Tulimkuta barazani. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza watoto mmoja mmoja. Mwenzetu alitoa nakala ya karatasi kutoka kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma manila zake. Alipomaliza hakulaumu. Aliuliza, "Nani ameandika?"

Mwenzetu akajibu, "Mkopeshaji."

"Ameandika ili asome nani?"

"Baraza, Mwalimu. Hakuandika nisome mimi."

Swali la tatu hakungoja liulizwe. Alilitaja mwenyewe, kisha la nne, kisha la tano, kwa mpangilio ule ule wa ukurasa wa kwanza wa daftari. Hakusahau hata moja. Kisha akainamisha kichwa.

"Uliyajua yote," Mwalimu alisema. "Darasani uliyasoma kwa ajili ya Mangungo. Pale mezani yalikuwa kwa ajili yako." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Mangungo hakuweza kuisoma lugha ile. Usimcheke tena, na wewe usijicheke. Wafundishe wadogo zako kuuliza."

Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa sababu linatuhusu wengi kuliko tunavyokubali. Tunadhani anayeibiwa kwa karatasi ni asiyejua kusoma. Mwenzetu alisoma miaka kumi na tatu, na somo alilofaulu zaidi ndilo lililohusu hasa karatasi ya namna hiyo. Tulimtunza kwa sababu alikuwa na majibu. Hakuna aliyemtunza kwa kuuliza, wala hakuna aliyempunguzia alama kwa kutouliza. Historia aliihifadhi kama mali ya watu waliokufa, mbali na maisha yake, na siku historia ilipomjia imevaa shati na tai hakuitambua.

Katika darasa lile lile alikuwapo dada mmoja aliyepata C. Tarehe zilimchanganya; aliwahi kuandika kwamba Abushiri alipigana Kalenga, tukamcheka. Lakini katika mijadala hakukaa kimya. Leo ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana. Mwaka fulani alikuja mtu wa kuwauzia pembejeo kwa mkopo, na karatasi ya kurasa nne. Wenzake walikuwa tayari kusaini kwa sababu mbolea ilikuwa imeshafika kwenye gari. Yeye aliomba karatasi ibaki kwao mpaka kesho. Jioni waliisoma kwa sauti chini ya mwembe, mstari kwa mstari, kila mwanachama akieleza alichoelewa kabla ya kuendelea. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba mavuno yote yatauzwa kwa muuzaji huyo kwa bei atakayoipanga yeye. Asubuhi walimrudishia karatasi yake na masharti yao. Alikataa, akaondoka na mbolea, nao wakanunua kwingine kidogo kidogo. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alishangaa kuulizwa. "Si kwa Mwalimu?" alisema.

Funzo la kwanza ni kwa kila anayewekewa karatasi. Usisaini siku ile ile. Mwenye nia njema hatakosa kukuachia nakala ulale nayo. Isome yote kwa sauti mbele ya wale ambao mali inawahusu, mama, mke, mume, wadogo, kisha linganisha uliyoambiwa kwa mdomo na yaliyoandikwa. Kama mdomo unasema mkopo na karatasi inasema mauzo, amini karatasi na uondoke. Dai maandishi ya Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na mwananchi asione haya kukidai hata ofisini kwa mtu binafsi. Muulize mkopeshaji leseni yake, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Leta shahidi wako mwenyewe. Kila shilingi unayolipa iwe na risiti au ipite katika simu iache alama. Anayekuharakisha, mwambie utarudi.

Funzo la pili ni kwa walimu na wazazi. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ni jambo jema, na limengojewa muda mrefu. Lakini Kiswahili nacho hukaririwa. Mtoto anaweza kuitaja Msovero kwa lugha ya mama yake na bado asione inamhusu nini. Mpeni nyaraka azishike, mkataba, barua, risiti, tangazo la mnada, halafu mwulizeni nani ameandika na ili asome nani. Mpelekeni kwa bibi na babu akawaulize walikuwa wamesimama wapi. Akibisha kwa hoja, mpeni alama. Mzazi unayeuliza tu mtoto amepata ngapi, muulize pia ameuliza nini leo, kwa sababu dunia atakayoingia haimpi karatasi yenye sababu sita na athari sita. Inampa kurasa mbili, kalamu, na mtu anayetabasamu.

Na funzo la mwisho ni kwa mwanafunzi aliye sasa darasani, anayeona mwalimu wake wa Historia anapoteza muda kwa maswali yasiyotoka kwenye mtihani. Kariri tarehe, zitakufaa, maana bila tarehe huwezi kujua kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Kisha fungua macho wakati wa mjadala na useme. Mtihani wa Baraza utaufanya mara moja. Ule mwingine utakujia bila ratiba, hauna msimamizi, na mama yako na wadogo zako watalipa pamoja nawe ukishindwa.